Noctua NH-D15 kwenye joto la Tanga

Nahariri video za harusi hapa Chumbageni, na chumba changu cha kazi hakina kiyoyozi. Msimu wa kaskazi, saa nane mchana, kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 32 na kompyuta hata sijaiwasha. Ndiyo maana mtu wa Ulaya akisifia kipoza prosesa (kifaa cha kuondoa joto kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta) kwa vipimo vya chumba chenye nyuzi 21, namsikiliza kwa sikio moja. Feni haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa inayovutwa. Chumba kikipanda nyuzi 10, na prosesa nayo inapanda karibu hizohizo.

Prosesa yangu ni Ryzen 9 5900X, ya viini 12, ambayo boksi lake haliji na kipoza. Niliifungia ka-feni ka mnara mmoja. Nikianza kutoa filamu ya harusi, joto linagonga 90, mahali ambapo prosesa hii huanza kujipunguzia mwendo, na ule mvumo! Fundi cherehani wa mlango wa pili alikuwa akiniuliza kama nasaga nazi.

NH-D15 ni kipoza kinachotoka kwa Noctua, kampuni ya Austria, na iko sokoni tangu 2014. Mwaka 2024 walitoa toleo jipya, G2, lakini hii ya zamani bado ni mashine. Ina minara miwili ya mapezi ya alumini, mirija 6 ya shaba na feni mbili za milimita 140. Jumla inapita kilo 1.3. Ndani ya mirija mna kimiminika kidogo: kinageuka mvuke upande wa prosesa, kinapanda kwenye mapezi, kinapoa, kinarudi. Pampu hakuna. Hapo ndipo nilipoachana na wazo la kipoza cha maji, kwa sababu pampu ikifa hapa Tanga, spea utaisubiri mpaka wateja wakuhame. Feni ikifa, nafunga nyingine jioni hiyohiyo.

Tangu niifunge, kwa kazi ileile na chumba kilekile, prosesa sasa inatulia kwenye nyuzi 78 au 79. Si baridi, sikudanganyi, ila mwendo haupungui. Raha zaidi ni kelele. Naweza kusawazisha sauti ya kigodoro na MC anayepayuka bila kuongeza sauti ya spika za masikioni.

Kuifunga kuna adabu yake. Lazima uitoe feni ya katikati kwanza, upitishe bisibisi ndefu (imo kwenye boksi) katikati ya minara, kisha ukaze skrubu mbili kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo. Feni ya mbele inakaa juu ya RAM (vijiti vya kumbukumbu ya kompyuta), na ukitaka ikae mahali pake, RAM isizidi kimo cha milimita 32. Zangu ni ndefu, zile za mataa, kwa hiyo feni imebidi ipande, nayo ikipanda inataka kesi (boksi la kompyuta) pana kuliko ile milimita 165 iliyoandikwa kuwa kimo cha kipoza. Pima kesi yako kabla hujatuma pesa.

Rangi yake ya kahawia na maziwa sina la kusema, ila wanayo nyeusi kwa wanaojali. Bei ndiyo inauma: mpaka ifike mkononi inapita laki tatu. Mwenye Ryzen 5 5600 na michezo ya jioni aiache, kipoza kinachokuja nayo kinatosha; pesa hiyo anunue feni za kesi, maana bila hewa kupita hata dude hili litazungusha joto lilelile. Na vumbi la barabarani lipulize mara kwa mara.

Ukiihamisha kwenda ukumbini, ilaze kompyuta ubavu, madabodi (bodi kuu inayobeba prosesa) ikiwa chini, uishikilie mwenyewe kwenye bajaji. Kilo zaidi ya moja zikining'inia kwenye madabodi, na mashimo ya barabara zetu za Ngamiani, usimwachie dereva.