Mrija wa kupimia tope: tathmini baada ya misimu miwili ya mvua

Niliununua mrija huu katika duka moja la vifaa vya maabara katikati ya jiji la Nairobi, nikiutaka kwa kazi moja: kupima vijito vinavyoelekea bwawa la Ndakaini, kule Gatanga, ambako hujitolea pamoja na kikundi cha watumiaji maji. Bwawa hilo hubeba mita za ujazo milioni 70, na maji yake husafishwa Ngethu kabla ya kufika kwenye mifereji yetu; kwa hiyo udongo unaosombwa na mvua kutoka mashambani hujaza bwawa na kuongeza kazi ya kuyasafisha maji hayo.

Mrija ni wa plastiki angavu, una urefu wa sentimita 60, na kitakoni mwake mna kisahani chenye sehemu nyeusi na nyeupe. Unakoroga maji ndooni, unaujaza, unasimama kivulini na kuchungulia kutoka juu huku ukiyatoa kidogo kidogo kupitia kimpira cha chini, hadi kisahani kionekane. Hapo ndipo unaposoma kina kilichobaki. Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua ya usiku kucha, kijito kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kisahani hakikuonekana mpaka maji yalipobaki kimo cha kiganja. Mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na kijito hicho aliomba achungulie, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, huo ni udongo wangu.” Hakuna ripoti niliyowahi kumsomea iliyomgusa namna hiyo, na kwangu mimi hiyo pekee inatosha kuhalalisha bei.

Dosari zipo. Namba zilianza kufutika kabla ya msimu wa pili, na muuzaji akakataa kunibadilishia. Ilinibidi nizichonge upya kwa msumari wa moto. Macho ya watu wawili pia hayasomi sawa, hivyo sisi husoma mara mbili na kuandika wastani. Isitoshe, mrija hautambui tope likiwa kidogo sana, wala hauoni vijidudu, kwa hiyo usiutumie kuamua kama maji yanafaa kunywewa.

Kwa kikundi cha mtoni ningeununua tena, lakini ningekagua kwanza kama namba zimechongwa au zimepakwa rangi tu.