Viatu vya haiking: kipi ununue kwanza na kipi ukipite tu

Kila sikukuu zikikaribia magrupu ya WhatsApp yanaanza kuchemka, mara twende Materuni, mara Lushoto, jamaa wa Nairobi nao wanaitana Longonot, na swali linalokuja kabla ya nauli na kabla ya nani anabeba chakula ni "jamani viatu vipi?" Afu majibu sasa! Mtu anaenda kutembea masaa manne na mashemeji zake na watoto, anashauriwa anunue buti zito la laki tatu na ushee, mwingine anaambiwa "vaa raba yoyote tu" na kesho yake unamkuta anashuka mlima kwa makalio.

Kwa hiyo nimevipanga hapa, kuanzia ambacho ningekununulia ndugu yangu mpaka ambacho ningekificha asikione. Nawaongelea watu wa kawaida, wanaotoka na familia na washkaji, matembezi ya siku moja, pengine kulala kwenye hema usiku mmoja. Mlima mkubwa nao nitaugusa maana najua kuna mtu anausubiria.

Namba moja: raba za treili za mtumba

Najua wengi mlitegemea buti. Hapana bana. Raba ya treili ni ile raba ya kukimbilia milimani, fupi, soli ina meno, mbele kwenye vidole kuna mpira mgumu wa kukinga mawe. Salomon, Merrell, Hoka, Asics za treili, ziko tele kwenye mabalo na wauzaji wengi hawazitofautishi na raba za kukimbia barabarani kwa hiyo bei yake inakuwa ya raba ya kawaida. Karume pale Ilala utazikuta, Memorial Moshi utazikuta, Gikomba na Toi kule Nairobi ndo usiseme.

Kwa nini nimeiweka juu ya buti? Kwanza nyepesi, na mguu mwepesi ndo unaofika, hasa wa mama ambaye hajafanya mazoezi tangu amalize shule. Pili ikilowa inakauka upesi, na njia za kwetu zina mito na matope kila kona. Tatu unaivaa mjini siku zingine, haikai uvunguni ikisubiri safari ya mwakani. Nne, na hii ndo kubwa, tabaka la povu la katikati kwenye raba nyingi za namna hii ni EVA, na EVA ikizeeka inakuwa ngumu tu ila haibomoki. Hilo la kubomoka nalifafanua kwenye namba mbili maana limeshawaumbua watu wengi.

Cha kuangalia ni meno ya soli. Geuza kiatu, pitisha kidole gumba kutoka kisiginoni mpaka mbele. Kama pale chini ya dole gumba la mguu meno yameshalala, rudisha, hata kama juu inang'aa. Longonot ile njia ina vumbi la volkano na changarawe, kupanda kutoka geti mpaka ukingo wa kreta ni kama kilomita 3 na kuzunguka kreta yenyewe ni zaidi ya 7, huko juu mita 2,776, na watu wengi hawaumii wakipanda, wanaumia wakishuka kwa soli iliyolala.

Namba mbili: buti za mtumba, ila uwe na macho

Buti linalofunika kifundo lina raha yake. Ukiwa umebeba begi zito, ukiwa na mguu ulioteguka zamani, au njia ina mawe ya kuyumba, unalihisi kabisa. Na mtumba unaweza kupata buti la Kijerumani au la Kiitaliano ambalo dukani usingeligusa. Moshi ndo kwenyewe, kwa sababu wageni wakimaliza mlima wengi wanawaachia waongozaji na wagumu (wale wabeba mizigo) vifaa vyao, na sehemu ya hivyo vifaa inaishia sokoni.

Sasa sikiliza. Buti nyingi nzuri za zamani, ile sehemu ya povu kati ya ngozi na soli ya chini ni poliuretani. Hii kitu inaliwa na unyevu wa hewani taratibu, miaka na miaka, hata kama kiatu hakijavaliwa, yaani hasa kama hakijavaliwa, maana kukanyagwa mara kwa mara kunaisaidia kidogo. Buti likikaa kabatini Ulaya miaka kumi, likaingia kwenye balo, likavuka bahari, likaja kukaa kwenye joto la Dar, kwa nje unaona buti jipya kabisa, ngozi safi, meno yote yapo. Unalivaa, unatembea lisaa, linaanza kumeguka kama biskuti, soli ya chini inabaki kwenye tope na we unaendelea na ngozi. Kuna jamaa tulikuwa naye kwenye kushuka, soli zote mbili zilimtoka ndani ya nusu saa, akamalizia njia amezifunga kwa waya wa chaja na kamba ya hema, na alikuwa ametusumbua njia nzima na sifa za hilo buti.

Namna ya kukagua: chukua buti mkononi, bonyeza lile povu la pembeni kwa ukucha wa dole gumba, kwa nguvu. Likibonyea na kurudi, sawa. Alama ya ukucha ikibaki, au ukasikia kama unga unga chini ya ukucha, au linanata nata, achana nalo. Afu shika kisigino mkono mmoja na ncha mkono wa pili, likunje kama mguu unavyokunja, uangalie kama kuna vijinyufa vinafunguka pembeni. Wauzaji wajanja, wanapaka rangi nyeusi ya viatu mpaka kwenye povu ili nyufa zisionekane, kwa hiyo ukiona povu lina rangi ya kiwi jiulize. Angalia pia lebo ndani ya ulimi, kampuni nyingi zinaandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Buti lina zaidi ya miaka kumi? Mi silichukui, hata nipewe kwa elfu kumi na tano.

Muuzaji atakwambia "kaka hiyo original, Mjerumani huyo, utarithisha watoto." Mjibu tu "sawa kaka, ngoja nilikunje kwanza." Akikuzuia kulikunja, umeshapata jibu.

Na fundi viatu hawezi kukuokoa hapo. Soli iliyobanduka gundi tu, ndiyo, fundi anaipiga gundi na kuishona pembeni na unatembea nayo miaka. Ila povu lililooza hana pa kupitisha sindano. Na ukishashona buti lisilopitisha maji, ujue umelitoboa, tope likifika kwenye nyuzi unalowa.

Kuhusu kile kibandiko cha Gore-Tex kinachopandisha bei: ni utando wa ndani unaozuia maji kuingia huku jasho likitoka. Kwenye baridi na manyunyu ni kitu kizuri. Ila ukivuka mto maji yakaingia kwa juu, hayana pa kutokea, unatembea na ndoo mguuni mpaka jioni. Kwa Materuni au Sanje kule Udzungwa, ambako mnaenda kabisa kucheza na maporomoko, usiongeze hata elfu tano kwa ajili ya hicho kibandiko.

Namba tatu: mpya za dukani

Nairobi mna bahati, Decathlon ipo, na viatu vyao vya Quechua vya bei ya chini vinatosha kabisa kwa Ngong, kwa Longonot, kwa kila kitu ambacho familia itafanya. Bei imebandikwa, unajaribu namba tatu bila mtu kukununia, ukirudi nyumbani hakuna wasiwasi wa kiatu kina umri gani. Sisi wa Dar na Arusha wengi tunaagiza kwa mtu anayekuja, na hapo ndo tatizo lilipo, unanunua kiatu ambacho mguu haujakiona. Kimeshuka namba tatu kwa sababu hiyo na kwa sababu ya bei ukizidisha mara watu watano wa nyumba moja. Ila kama hela ipo na duka lipo, wala usihangaike na mabalo.

Kikiwa kipya kabisa usikipeleke moja kwa moja mlimani. Vaa kwenda nacho sokoni, kanisani kama wanakuruhusu, zunguka nacho wiki mbili tatu kizoee mguu.

Namba nne: kukodi

Hii ni kwa ajili ya Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya. Kilimanjaro ni mita 5,895, usiku wa kwenda kileleni ni chini ya sifuri, na kuanzia kambi ya Kibo Hut kwenda Gilman's au kutoka kambi ya Barafu kwenda Stella Point, kule juu ukingoni mwa kreta, unapanda kwenye changarawe inayoteleza gizani. Raba yangu ya namba moja hapo haifai, vidole vitakufa ganzi. Lakini kununua buti la baridi ambalo utalivaa mara moja maishani nako ni kuchezea hela. Moshi na Arusha maduka ya kukodisha yapo mengi na kampuni nyingi za utalii wanakodisha wenyewe. Fika siku moja kabla, lijaribu na soksi nene mbili, lipige ule mtihani wa ukucha niliousema juu, na kama halikutoshi kataa hata kama wanakuharakisha kwamba gari linaondoka. Omba na getazi, zile soksi za turubai za kufunika mdomo wa kiatu, zinazuia changarawe kuingia.

Namba tano: gambuti

Msicheke. Rwenzori upande wa Uganda, kwenye yale mabwawa ya tope, watu wanatembea na gambuti na waongozaji ndo wanaoshauri hivyo. Kwa Elephant Hill kule Aberdare wakati wa mvua, au mnaenda kuvua samaki pembezoni mwa mto na watoto, gambuti la Bata linawashinda wote niliowataja juu. Ila halina mshiko wa kifundo, halipumui, na kwenye mteremko mguu unaogelea ndani. Kavu na mawe, liache nyumbani.

Za kupita tu

Buti mpya za "haiking" za bei poa zilizojaa Kariakoo na Instagram, zinafanana na Timberland au Caterpillar kwa mbali. Soli ngumu, kwenye jiwe lenye maji zinateleza vibaya sana, na ndani kuna kadibodi. Buti za jeshi nazo sitaki kuzisikia, nzito, na kuvaa kitu chenye sura ya sare kunaweza kukuingiza kwenye mazungumzo marefu na askari. Converse na raba zote za soli bapa, picha zinatoka vizuri, mguu hautoki vizuri. Kata mbuga, zile ndala za matairi, nazipenda na Wamasai wanatupita nazo wakichunga, ila wao wamezivaa tangu utoto, we utatoka malengelenge kabla ya saa sita.

Saizi, maana hapa ndo wengi wanaharibu

Nenda sokoni alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kwa kutembea. Beba soksi utakazovaa mlimani, za sufu au za mchanganyiko, usitumie pamba tupu, pamba ikilowa jasho inabaki imelowa na ndo inayoleta malengelenge. Vaa, funga kamba vizuri, tafuta ngazi au ukingo wa mtaro, simama vidole vikielekea chini. Vidole vikigusa mbele, panda namba. Kucha nyeusi baada ya safari zinatoka hapo hapo, kwenye kushuka. Kisigino kikiwa kinapanda na kushuka unapotembea, kaza kamba kwenye lile tundu la mwisho juu, bado kinapanda? Sio kiatu chako. Namba zilizoandikwa zisikudanganye, 42 ya Ulaya ni kama 8 ya Uingereza na 9 ya kiume ya Marekani, lakini 42 ya kampuni hii na 42 ya ile zinaweza kutofautiana mpaka ukashangaa.

Watoto: mtumba, siku zote, hakuna mjadala, maana mguu utaongezeka kabla soli haijaisha. Acha nafasi ya upana wa kidole kisiginoni, usizidishe ukisema atakua nacho, kiatu kikubwa kinamwangusha. Na usimrithishe mdogo kiatu ambacho soli imelalia upande mmoja kwa mwendo wa kaka yake.

Ukirudi, toa insoli, osha kwa brashi na maji ya kawaida, jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo. Usianike jua kali wala karibu na jiko, gundi inaachia. Na kama unaviweka muda mrefu, kila baada ya wiki kadhaa vivae utembee navyo kidogo, hata kwenda dukani kununua vocha.