Uzoefu wangu: kuruka juu ya Lisbon kwa simuleta ya Google Earth Pro

Kati ya simuleta za ndege nilizojaribu, ninayoirudia ni hii iliyomo ndani ya Google Earth Pro, programu ya Google ya kutazama dunia kutoka angani. Imo humo tangu 2007, na tangu Januari 2015 programu nzima ni ya bure; kabla ya hapo ilikuwa dola 399 kwa mwaka. Haidai kompyuta ya bei kubwa. Inachotaka ni intaneti nzuri, maana picha hushushwa kadiri unavyosonga.

Ndege ni mbili, F-16, ndege ya kivita yenye kasi, na Cirrus SR22, ndege ndogo ya injini moja. Kwa kutalii chukua SR22, kwa sababu ile F-16 inaumaliza mji kabla hujajua umeona nini. Washa kwanza majengo ya 3D, kisha bonyeza Ctrl, Alt na A kwa pamoja, na uchague kuanzia pale unapotazama badala ya uwanjani. Page Up huongeza nguvu ya injini, Page Down huipunguza, na mishale ndiyo usukani. Iguse kidogo kidogo. Ukiikandamiza ndege inalala ubavu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na mji niliouchagua ni Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Shuleni tulisomeshwa habari za Wareno kuanzia siku walipofika kwetu: Vasco da Gama, Aprili 1498, Fort Jesus, ujenzi ulioanza 1593. Kule walikotoka hatukuonyeshwa. Nilitaka kuuona mlango waliotokea.

Basi naanzia baharini, mbele ya Cascais, mji wa pwani magharibi ya Lisbon, kwenye futi elfu moja hivi, nikiingia mto Tejo kama ziingiavyo meli. Upande wa kushoto unatangulia Mnara wa Belém, uliojengwa miaka ya 1510 kuulinda mto. Mbele yake kuna mnara wa kumbukumbu wa 1960 uliochongwa kama omo ya jahazi, na ng'ambo ya bustani imelala monasteri ya Jerónimos, ndefu, nyeupe, iliyoanza kujengwa 1501 kwa fedha za ushuru wa biashara ya viungo. Kaburi la Vasco da Gama limo humo. Hapa katika mtaa wa Belém ndipo alipong'oa nanga tarehe 8 Julai 1497 na vyombo vinne. Kutoka mto huu huu, mwaka 1505, ulitoka msafara wa Mreno Francisco de Almeida ulioipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Huwa nazunguka hapa zaidi ya mara moja. Kumbe ni sehemu ndogo sana! Ufuo mwembamba, mto mpana, na bahari wazi papo hapo. Habari ambayo kwetu imejaa vitabu inaenea chini ya bawa moja la ndege.

Ukipita daraja jekundu la 25 de Abril, lililofunguliwa 1966, huku Cristo Rei, sanamu kubwa ya Kristo, ikiwa kulia kwako, panda kidogo uutazame mji wenyewe. Hapa ndipo simuleta inapofundisha jambo ambalo picha za chini haziwezi. Nyuma ya uwanja wa Praça do Comércio kuna mtaa wa Baixa, barabara zake zimenyooka na kukatana kwa pembe sawa. Pembeni yake, chini ya ngome ya São Jorge, kuna Alfama, vichochoro vimejikunjakunja bila mpango. Sababu ni tarehe 1 Novemba 1755: tetemeko, mawimbi ya bahari, kisha moto. Baixa iliangamia ikajengwa upya kwa amri ya waziri aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal; Alfama ilinusurika kwa sehemu kubwa. Juu ya kilima cha pili tafuta kanisa la Carmo. Halikuezekwa tena tangu siku ile, na kutoka angani unaona matao yake yakiwa wazi kama mbavu za samaki. Nililikuta bila kulitafuta, nikasimamisha ndege kwa kitufe cha nafasi nikalitazama.

Kuhusu bando: jioni mtandao ukizidiwa, majengo huja yamevimba bila madirisha. Dawa yake ni kuipitia njia nzima kwanza kwa kipanya, taratibu, kabla ya kuwasha simuleta. Picha hubaki kwenye hifadhi ya muda ya kompyuta, na ukiruka unazikuta tayari.

Anayetaka mvua, mawingu na mawasiliano na mnara wa kuongozea ndege atafute simuleta kamili, na aandae fedha. Mimi naipendekeza hii hasa kwa walimu wa historia. Wakiwa na projekta na saa moja darasani, wanafunzi wavushwe kutoka Cascais hadi Alfama, kisha waulizwe kwa nini barabara za mitaa miwili jirani hazifanani. Kutua Humberto Delgado, uwanja wa ndege wa Lisbon, kuachwe kwa siku nyingine. Njia yake imezungukwa na nyumba, na inahitaji mkono uliozoea.