Uzoefu wangu wa weltwärts: mwaka wa kujitolea shuleni Hamburg

Wadau, naandika hii kwa wale wanaouliza kila siku kama weltwärts, ule mpango wa Ujerumani wa vijana kujitolea nje ya nchi, ni ya kweli au ni matapeli. Ni ya kweli. Hela inatoka wizara ya maendeleo ya Ujerumani, ilianza 2008 kwa kuleta vijana wa Kijerumani huku kwetu, halafu 2013 ndo wakafungua na upande wa pili, na sisi tukaanza kwenda kwao. Mimi nilipangiwa shule ya msingi Hamburg, na Hamburg na Dar ni miji rafiki tangu 2010, kwa hiyo mtoto wa Dar kule hupati shida sana ya kueleza unatoka wapi.

Nyota tano natoa kwa kazi yenyewe. Niliondoka nyumbani nikiwa na wasiwasi ntaishia kupanga viti na kufuta ubao, wapi, nimefika tu nikakabidhiwa kikundi cha mchana, maana shule nyingi kule watoto wanabaki mpaka saa kumi, asubuhi masomo, wakishakula ni michezo na klabu mbalimbali, na mwalimu niliyekuwa chini yake akanambia wewe fundisha unachokijua vizuri. Basi nikawafundisha Kiswahili na michezo yetu. Rede jamani! Nikatengeneza mpira wa soksi kuukuu, nikatafuta chupa ya kujaza mchanga, nikawaeleza wawili wanarusha huku na huku, wa katikati anakwepa huku anajaza chupa. Hapo ndo maswali yakaanza: akiguswa nywele amekufa? chupa ikidondoka mchanga ukamwagika anaanza upya? na mrushaji asimame umbali gani? Sisi uswahilini mambo hayo tunayamaliza papo hapo kwa kelele, wale wakakaa chini wakaandika sheria, wakapiga kura kwa kila kifungu, wakabandika mlangoni na kila mtu kasaini. Na wakazifuata kweli! Sijawahi kuona rede yenye amani namna ile.

Kulikuwa na dogo mmoja familia yake ilikuwa imehamia Ujerumani karibuni, Kijerumani bado, mapumziko anashinda pembeni. Kwenye rede hakuna aliyemweza, anapinda kiuno mpira unapita, na wiki haijaisha wenzake wakawa wanagombania awe timu yao. Kwa hilo tu mimi ningeenda tena.

Kitu kingine, watoto kule wanakuita jina lako moja kwa moja hata kama umewazidi miaka kumi na tano, hawakusudii kukudharau, ndivyo walivyolelewa. Nikawafundisha shikamoo na marahaba. Wakagundua kuwa anayesema marahaba ndo mkubwa, basi ikawa darasa la tatu wanasimama kwenye korido asubuhi kusubiri darasa la kwanza wapite wawaamkie, wanaitikia taratibu kwa sauti nzito kama wazee wa mtaa. Mwalimu mkuu naye akajifunza, akawa anawaamkia wapishi wa shule kila siku, na wapishi walifurahi mno.

Msikose pia siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Kila mtoto anakuja amebeba koni kubwa ya karatasi ngumu, ndefu inamfika kifuani, ndani imejaa peremende na penseli na vizawadi, ukoo mzima umevaa vizuri umekuja, bibi na babu wanapiga picha. Kwetu siku hiyo mtoto anapelekwa na begi lake, mara nyingi analia, basi. Mimi ningependa hili tuliige.

Nyumbani nilikaa na familia. Mama mwenyeji alitaka nimwite jina lake, ulimi ukakataa kabisa, nikaanza kumwita mama fulani kwa jina la mwanae wa kwanza, alipoelewa sababu akalipenda mpaka akawaambia majirani. Chakula cha jioni ni mkate na jibini, cha baridi, kila siku, hapo mtu wa wali jiandaeni kisaikolojia. Mtaa wa Steindamm karibu na stesheni kuu kuna maduka ya vyakula vya kila pembe ya dunia, jumamosi nikawa napika pilau. Kwa chapati, unga wao una namba kwenye pakiti, chukueni 550, 405 ni laini zaidi unafaa keki.

Desemba jua linazama saa kumi jioni na linaweza kukupa upweke wa ajabu, ila juni mpaka saa nne usiku bado kuna mwanga. Kilichonibeba baridi ile ni semina, kwa mwaka mzima ni siku 25 na zinahesabika kazini, unakutana na wenzako wa kujitolea, unatoa yaliyo moyoni, unacheka, unarudi na nguvu.

Nyota ninayopunguza ni kwa shirika lililonituma, silitaji, kujibu email ilikuwa kuomba na kuomba tena, karatasi za viza zikachelewa mpaka presha. Na posho inatosha mambo madogo madogo tu, nauli na nyumba na bima wanalipia, lakini anayeenda akitegemea kurudi na hela ya kiwanja asiende. Mtu akikudai mamilioni ili akupe nafasi, kimbia.

Umri ni 18 mpaka 28 na unaomba kupitia shirika la hapa nchini lenye mwenzake Ujerumani. Kijerumani anzeni mapema, Goethe-Institut, kituo cha Wajerumani kinachofundisha lugha yao, ipo Upanga, Dar, watoto hawana subira ya kukusubiri utafute neno. Jaketi msinunue Dar, kule wikiendi kuna magulio ya mitumba, linapatikana zito la maana kwa hela ndogo.