Sigma 150-600mm Contemporary kwa ndege wa Dar: kutoka tope la Kunduchi hadi msitu wa Pugu

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Kama unapiga picha za ndege hapa Dar, unatembea kwa miguu na kupanda daladala, na mfuko wako hauvuki milioni mbili, tafuta Sigma 150-600mm Contemporary ya mtumba. Nimeibeba masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na kwa bei hiyo sijaona lenzi ya kubadilishana nayo. Kuna mahali haifai, na huko pia nitafika.

Karibu kila nilichosoma kabla ya kununua kilikuwa kimeandikwa na watu wanaopigia picha ndani ya gari au kwenye kibanda kando ya ziwa huko Ulaya. Hawaijui chumvi yetu wala joto letu, na hawajawahi kuzama tope hadi magotini wakiwa na kilo mbili shingoni. Ndiyo maana naandika haya.

Lenzi hii ilitoka mwaka 2015, na ina nduguye aitwaye Sport. Urefu wa kuvuta ni uleule, 150 hadi 600, na mwanga ni uleule, f/5 ikiwa kwenye 150 hadi f/6.3 ikiwa imevutwa mwisho (namba ya f ikipanda, mwanga unaoingia unapungua). Tofauti ni mwili. Sport ina gramu 2,860, Contemporary ina 1,930. Mwenye gari anaweza asiijali tofauti hiyo. Mimi nashuka Mtongani, nachukua bajaji hadi pwani, halafu natembea, na ikifika jioni bega ndilo linaloniambia kama nilinunua vizuri. Kwenye Nikon D7200 yangu, ambayo kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea picha, ni kidogo kuliko cha kamera za fremu kamili, ile 600 inaona kama 900. Kwa ndege wa pwani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua.

Kuanzia mwezi wa nane ndege wa mbali huanza kushuka kwetu: vitwitwi wa kila aina, sululu wenye mdomo mrefu uliopinda, na yule ninayempenda kuliko wote, mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi. Wataalamu humwita Dromas ardeola, na yuko peke yake katika familia yake. Anazaliana pwani za Bahari ya Shamu, Arabia na Ghuba ya Uajemi. Huko hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kwetu anakuja kula, na anakula kwa bidii.

Watu wengi wanaoanza huenda Kunduchi bahari ikiwa imekupwa, kwa kuwa tope lote liko wazi na ndege wanaonekana wengi. Ni kweli wapo, ila wametawanyika mbali sana. Jua la saa nne likishapasha tope, mazigazi yanaanza kucheza juu yake, na kila picha inatoka kana kwamba umeipiga ukiwa ndani ya maji. Hapo usiilaumu lenzi. Hata ya milioni thelathini haiwezi kupenya hewa inayochemka. Subiri maji yajae. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bahari ya Dar inakuwa imekupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Fika saa nane, kaa chini mchangani, tulia. Maji yenyewe yatakuletea ndege hatua kwa hatua. Na kwa kuwa bahari iko mashariki, jua la alasiri linakuwa mgongoni mwako likiwamulika wao usoni. Tangu niijue saa hiyo, asubuhi za bamvua nabaki nyumbani nafua.

Alasiri moja ya namna hiyo nilimpata mla kaa akiwa kazini. Alisimama kimya, shingo ameivuta ndani, halafu akapiga hatua mbili tatu za haraka na kudunga. Kaa alikuwa mkubwa kuliko mdomo wake. Akamtikisa, mguu mmoja ukadondoka majini, akamtikisa tena, ukadondoka mwingine, hadi likabaki gamba na kiwiliwili, akakimeza. Nilikuwa kwenye 600, f/7.1, kasi 1/2000 ya sekunde, na swichi ya kuzuia fokasi nimeiweka kwenye mita 10 hadi mwisho wa upeo. Swichi hiyo ni ya thamani sana pwani: bila kuizuia, lenzi ikimpoteza ndege inarudi kutafuta hadi mita 2.8 za mbele yako, na ikirejea tendo limekwisha. Kwenye picha unaona matone ya maji yaliyoachia mguu wa kaa, na jicho jeusi la ndege likiwa limeshika vizuri.

Mama mmoja aliyekuwa anaokota chaza alikuja kuniuliza.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hao ndege unawapeleka wapi?”

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, nikaivuta picha ikawa kubwa. Akainama, akakinga jua kwa kiganja.

“Ala! Kumbe miguu yao ina ubuluu hivi? Nimewaona tangu mdogo, sijawahi kuwaona karibu.”

Kwangu hiyo ndiyo kazi ya milimita 600. Wengi wananunua lenzi ndefu halafu bado wanasogea, wanataka ndege ajae fremu nzima, mwisho kundi zima linaruka. Ukienda mwezi wa tatu au wa nne utaona kwa nini jambo hili linaniuma. Vitwitwi wadogo wenye mdomo uliopinda kidogo, waliokuwa wa kijivu tangu walipofika, wanaanza kugeuka wekundu wa tofali, kifua kikiwa bado na mabaka. Wanavaa rangi ya kwenda kuzaliana kaskazini ya mbali kabisa ya Siberia. Mafuta ya safari hiyo wanayatafuta hapa, kwenye tope letu, katika saa chache ambazo bahari inawaachia. Kila ukiwarusha bure unawanyang’anya sehemu ya mafuta hayo. Kaa mbali, ivute lenzi, waache wale. Picha ya ndege anayekula bila kukujali ni nzuri kuliko ya ndege anayekukimbia, na tofauti inaonekana hata kwa mtu asiyejua ndege.

Kwa ndege wanaoruka lenzi hii ni nzuri, ingawa haifikii zile za bei ya gari. Keremkerem wenye mashavu ya buluu wanakuwa nasi miezi ya kaskazi, wanakaa kwenye nyaya na matawi makavu, wanaruka kudaka nyuki au kerengende, kisha mara nyingi wanarudi palepale. Usimfuate angani. Weka fokasi kwenye tawi, mwache aende, umsubiri arudi. Akikunjua mabawa kutua, piga. Natumia nukta moja ya fokasi, ya katikati, na kidhibiti mtikisiko nakizima kasi ikipita 1/2000, kwa sababu hapo hakina cha kunisaidia.

Masika ni habari nyingine. Vitwitwi wengi wamekwenda, lakini nyuma ya mtaa wetu Tegeta kuna matete, na mvua zikianza minana wanajenga. Dume wa manjano anachana ukanda wa jani, anaruka nao ukipepea nyuma yake, anaufunga kwenye tete, anaupitisha na kuukaza kwa mdomo. Kiota kikikamilika ananing’inia chini yake akipiga mabawa ili jike aje kukagua. Kweche dume naye, ambaye miezi mingine ni kahawia kama shomoro wa kawaida, anakuwa mwekundu na mweusi. Hapa sihitaji 600. Narudi 300 au 400, ambako lenzi inatoa picha kali zaidi, na ile mita 2.8 ya karibu inatosha kabisa. Kwenye kiota simami muda mrefu, na jani linalokifunika silikati. Kunguru weusi wa mjini wako juu wanaangalia, na ukimfunulia kunguru kiota umewamaliza makinda.

Mvua yenyewe ihofu. Contemporary ina mpira wa kuzuia maji kwenye kitako tu, pale inapoingia kwenye kamera. Pete ya kuvutia haina kinga, na lenzi hurefuka unapoivuta, hivyo maji yaliyobaki kwenye bomba la ndani yanarudi nayo ukiifupisha. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, basi nimekata mkono wa koti la mvua kuukuu, nikautia mpira kila upande, nauvisha lenzi nzima. Unafanya kazi vizuri kuliko vifuniko vya kununua nilivyowahi kushika.

Kipupwe, upepo wa kusi unapovuma, kizuia jua cha mbele ni kipana na kinashika upepo kama tanga. Ufukweni nakivua, nasimama nyuma ya mtumbwi uliopandishwa. Miezi hiyo napenda zaidi kuingia Bustani ya Mimea pale mjini, iliyoanzishwa 1893 wakati wa Wajerumani. Chozi wanazunguka maua, tausi wanatembea njiani, na miti mikubwa inakinga upepo.

Sasa mahali inaposhindwa. Msitu wa Pugu, chini ya miti minene, f/6.3 ni giza. Hondohondo juu ya kilele cha mti unampata, kwa sababu ana anga nyuma yake. Ndege wadogo wanaopekua majani makavu chini, hapana. Unapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, hadi 6400, kasi bado iko 1/125, na ndege wa msituni hatulii. Kama Pugu ndiyo nyumbani kwako, lenzi hii itakukatisha tamaa. Bora 300mm ya f/4 ya mtumba na uvumilivu wa kumngoja ndege asogee. Mimi Pugu naenda nayo asubuhi na kubaki pembeni mwa msitu, kwenye njia, ambako mwanga unaingia.

Adui mkubwa wa Dar ni unyevu. Ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi ukaifungua kamera nje papo hapo, kioo chote kinavaa mvuke. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa. Ukirudi kutoka baharini, futa mwili wa lenzi kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Usiku yangu inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Lenzi iliyofungiwa kabatini masika yote bila hewa inaota ukungu ndani, na fundi wa kuifungua si rahisi kumpata.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo au ukikutana na muuzaji, usiangalie urembo wa nje. Fungua kifuniko cha nyuma, washa tochi ya simu, pitisha mwanga kutoka upande mmoja uangalie upande mwingine. Nyuzi nyeupe kama utando ni ukungu; rudisha hata kama bei imeshuka nusu. Ifupishe hadi 150 na uielekeze chini: ikirefuka yenyewe hilo si kosa kubwa, kuna kufuli ya kuizuia. Jaribu kila swichi ya pembeni huku ukisikiliza mota ya fokasi. Hakikisha unapewa kizuia jua chake na ile pete ya kufungia tripodi, kwa maana za mtumba nyingi zinauzwa bila hivyo viwili, na kioo cha mbele chenye kipenyo cha 95mm hupati kifuniko chake kwenye kila duka.