St. George's, Grenada kwa meli ya utalii: ushuke au ubaki melini?

Assalaam aleikum wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo sichambui simu wala begi, nachambua siku nzima. Mmeniuliza sana: kwenye zile safari za meli za Karibea, mji gani una haja ya kushuka? Jibu langu ni St. George's, mji mkuu wa Grenada. Tena tembeeni wenyewe, ziara inayouzwa melini iacheni.

Mimi niliinunua. Tulipakiwa kwenye basi dogo, tukasimama kidogo kwenye maporomoko ya maji, tukakaa dukani muda mrefu kuliko huko kwenye maji, tukarudishwa. Mji wenyewe niliuona dirishani. Iliniuma, maana pesa ile si ndogo. Mchana nikatoka peke yangu.

Meli inafunga gati Melville Street, mjini kabisa, hamhitaji teksi. Soko kuu ni dakika chache kwa miguu. Mkitaka kwenda Carenage, ile bandari ya zamani, kuna kilima katikati, nao wamekitoboa: Sendall Tunnel, ya miaka ya 1890, urefu kama mita 100. Magari na watu wanapita humo humo, na njia ni nyembamba. Wenye watoto, washikeni mkono.

Sasa soko. Mimi mtoto wa Pemba, karafuu nimechambua na kuanika tangu mdogo, nilidhani viungo navijua. Mama mmoja muuzaji akanipasulia tunda bichi la kungumanga kwa kisu. Ganda la njano, nene, na ndani kokwa ya kahawia inayong'aa, imevikwa wavu mwekundu kama uzi wa hariri. Wavu ule ndio basibasi! Nimeitia basibasi kwenye pilau miaka yote, sijawahi kuiona mbichi. Akaniambia hawapandi mtini: tunda likiiva hupasuka lenyewe, kokwa ikadondoka, wao wanaokota. Nikawakumbuka wachumaji wetu wanaoanguka mikarafuuni kila msimu.

Kungumanga wameichora hadi kwenye bendera ya taifa. Na ndiyo maana kimbunga Ivan, Septemba 2004, kiliwaumiza vibaya: kiliangusha sehemu kubwa ya mikungumanga yao, na mti huu ukiupanda leo unasubiri miaka mingi ndipo uzae. Kwa hiyo mkifika pale sokoni, nunueni kwa wale akina mama. Duka la melini linaweza kungoja.

Chakula: ulizeni oil down. Ni shelisheli, nyama ya chumvi, majani na manjano, vinapikwa kwa tui la nazi mpaka likauke, libaki mafuta chini ya sufuria. Sisi Waislamu tuulize nyama kwanza, mara nyingi huwa mkia wa nguruwe. Ila harufu ya lile tui, wallahi, nilijihisi nipo Wete.

Fort George iko juu ya kilima, pandeni taratibu. Ndani ya ngome ile, tarehe 19 Oktoba 1983, waziri mkuu Maurice Bishop alipigwa risasi pamoja na wenzake, na siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakavamia kisiwa. Nilisimama uani pale kimya.

Pesa: dola ya Marekani wanapokea, lakini yao ni dola ya Karibea Mashariki, 2.70 kwa 1. Ulizeni bei ni ya dola ipi kabla hamjatoa. Na nguo za mabakamabaka ya kijeshi ziacheni melini, kisheria raia haruhusiwi kuzivaa. Ufukwe wa Grand Anse ni mzuri, boti ndogo zinawapeleka, ila saa mbili zinatosha.

Mji nauwekea tisa kwa kumi. Ile ziara, tatu.

Mkinunua kungumanga, chukueni nzima na gamba lake, msichukue ya unga. Itikiseni sikioni: kavu inagonga ndani. Hii hapa nimekuja nayo, naisogeza kwenye maiki… mnaisikia?