Mechi za zamani za mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani kwenye flashi: kibanda cha soko la Kenya, Lubumbashi
Mnaotamani mngemwona Pete Maravich uwanjani, anzieni hapa. Akiwa chuo cha LSU (Louisiana State), 1967–1970, alifunga wastani wa pointi 44.2 kwa mechi, na mstari wa pointi tatu ulikuwa bado haujawekwa! Fainali ya 1973 ya Bill Walton, alipoingiza mitupo 21 kati ya 22, nayo ipo. Ya Mutombo, Mkongo aliyechezea chuo cha Georgetown, ni vipande tu. Kwa kibanda cha Kongo, hiyo ni aibu. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kuhifadhi faili) haipokei faili inayozidi GB 4: hamisha vitu vyako, kisha fundi aifomati kwa exFAT. Picha ikitanuka, weka televisheni kwenye umbo la picha la 4:3. Sikiliza sauti kabla ya kulipa, maana nakala nyingine ni bubu.